Rafiki yangu ameniacha njiani akafuata wageni

Shangazi, ni saa kumi alfajiri niko Kisumu, usingizi umekataa kabisa. Naomba unisaidie kabla kichwa kipasuke.

Hii safari ya baiskeli Nakuru mpaka Kampala tumeipanga na rafiki yangu muda mrefu, mimi ndio nilitafuta karia na mabegi, mimi ndio nilienda kwa bibi yake kumuombea ruhusa nikamwambia shemeji usijali, tutarudi pamoja. Pale Mau Summit tukakutana na wageni wawili, mtu na bibi yake kutoka Uholanzi, wameingilia Moyale na wanaenda hadi Cape Town. Watu wazuri, sina neno nao, walitugawia mkate na ndizi tukapita Londiani tukipiga stori. Barabarani ukikutana na mwenzako mnasaidiana, mkiachana mnaachana vizuri. Lakini huyu sikumuokota njiani, tumetoka naye nyumbani!

Tulipopita tu Kericho mvua ya mchana ikaanza, nikapata pancha. Pampu iko kwa begi lake. Akaangalia wageni wanavyoteremka, akaniambia "utatupata mbele", akaenda. Na pampu. Kiraka hakishiki kwa tyubu iliyolowa, niliipangusa na shati mpaka vidole vikafa ganzi, mwishowe nikasukuma baiskeli hadi kwa fundi Kapsoit. Eti utatupata mbele.

Na asiseme mwendo wangu ni wa pole, kule Salgaa na malori yote yale mimi ndiye nilikuwa mbele.

Jana akanitumia picha wako Maseno kwa ile alama ya ikweta, picha tuliyosema tutapiga sisi wawili. Hakuuliza nimelala wapi. Toka hapo simu amezima, sasa shemeji ananipigia mimi, anajua tuko pamoja. Nikisema ukweli nitaitwa mchonganishi, nikinyamaza nimemdanganya mama wa watu. Huyo mtu simtaki tena hata kwa salamu. Lakini leo wanapumzika Busia kabla ya kuvuka, nikitoka sasa hivi nawafikia jioni, na mabegi bado yako kwa karia. Ama nitakuwa nimejishusha? Wageni wenyewe waliniambia nisikose Kampala. Wao hawana makosa Shangazi, ni yeye. Unamwambiaje mtu utatupata mbele na pampu umebeba wewe?

Nijibu mapema, shemeji amesema atapiga tena saa moja.