Mhariri, tumezungumza vya kutosha

Mhariri,

Miaka 14 nalisoma gazeti lenu nikiwa huku Uingereza, sijawahi kuwaandikia. Ile habari yenu ya vijana wenye uchovu sugu "kupona" wakikalishwa pamoja na wazazi wao kuzungumza imenishinda kunyamazia. Na ile picha ya binti anayepiga miayo! Nani aliichagua?

Mwanangu ana miaka 15. Aliugua homa, homa ikaondoka, nguvu hazikurudi. Tukaitwa kwenye tiba ya mazungumzo: mimi, baba yake, yeye na mdogo wake wa miaka tisa. Mtaalamu akauliza ni nani nyumbani anayefaidika mtoto akibaki kitandani. Nikamgeukia mume wangu, dereva wa basi wa zamu ya usiku, macho mekundu. Mtoto alikaa wima saa nzima kwa adabu zake zote. Siku mbili baadaye hakuweza kushika kijiko. Nikamlisha uji, mapazia yamefungwa kwa kuwa mwanga ulimuumiza, na simu ikalia: kliniki wanauliza mbona hatujajaza daftari la maendeleo. Ndio ugonjwa wenyewe huo, unakukopesha leo, keshokutwa unadai na riba. Mwandishi wenu hakuligusa hilo. Hakusema pia kwamba katika jaribio la London lililochapishwa 2010, vijana 63, wengine walipewa vikao 13 vya familia na wengine vikao 4 vya maelezo tu, na miezi sita baada ya tiba mahudhurio yao shuleni hayakupishana kwa kiasi cha maana. Wala kwamba tangu Oktoba 2021 mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu hapa, unasema tiba hiyo humsaidia mtu kuishi na ugonjwa, haimponyi.

Sikatai mazungumzo. Mtaalamu wa pili alimfundisha kupumzika kabla hajachoka, na hadi leo namwombea dua.

Shule nayo! Barua zake za utoro, na tishio la faini ya pauni 80, huja haraka kuliko majibu ya daktari. Bibi yake kule Tanga anasema asomewe, ana jini. Afadhali bibi, hajamwita mvivu.

Mwandishi wenu namkaribisha kwangu. Apande ngazi zetu 14 na ndoo ya maji, mara ishirini, kisha alale gizani hadi Ijumaa. Hapo tutamwita mkewe na wanawe, tuwaulize nani anafaidika.

Mama wa mgonjwa,
Reading, Uingereza