Barua ya wazi kwa baba mdogo, kuhusu faili la mzee

Baba mdogo, shikamoo.

Ulisimama pale msibani Kirumba, mbele ya wakwe, ukasema nimeuza moyo wa kaka yako kwa watafiti. Tangu siku ile simu zangu hupokei. Ulinisema hadharani, nami nakujibu hadharani.

Utafiti wetu unalinganisha majibu ya kipimo cha moyo na yaliyowapata wagonjwa baadaye, na kinachochukuliwa ni maandishi ya kwenye faili. Jina, simu na mtaa vinaondolewa kwanza, tarehe ya kuzaliwa inabadilishwa kuwa umri. Kijiji hakiandikwi kabisa: Ukara ni kisiwa kidogo, ukitaja mvuvi wa miaka 64 mwenye moyo mbovu, mwalo mzima utamtambua. Ruhusa ya kusoma mafaili ya zamani inatoka kwa kamati ya maadili, si kwangu. Na nilipoona jina la mzee nilimpa mwenzangu faili, sikulinakili.

Lakini kipimo chenyewe hukukielewa. Dobutamini, dawa ya kuuharakisha moyo kana kwamba mtu anakimbia, inaingia kwenye mshipa, mikrogramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa dakika, kisha 10, 20, 30, hadi 40, kila hatua dakika 3, huku eko, yaani ultrasaundi ya moyo, ikionyesha kuta za moyo zinavyojikunja. Chukua 220 toa umri, halafu asilimia 85 ya kinachobaki ndiyo mapigo yanayotafutwa. Kwa mzee ni 133. Aligota 118. Atropini, dawa nyingine ya kupandisha mapigo, ingemsukuma, ila kwa tezi dume ile ingeweza kumzibia mkojo, hawakumpa. Na asubuhi ile alikuwa amemeza atenololi, dawa inayozuia mapigo kupanda. Daktari alishaandika isimamishwe siku mbili kabla. Nani alimpa pamoja na uji, na karatasi ya maelekezo iko mfukoni mwake?

Sisemi ulimuua, baba. Hakuna aliyemuuguza kama wewe, na presha yake ilikutisha.

Ila chini ya karatasi ya majibu pameandikwa "kawaida". Kawaida ya mapigo 118, moyo haujasukumwa vya kutosha kuonyesha ugonjwa! Mstari wa dawa ukikosekana, mzee anahesabiwa mzima, na kifo chake kinakuwa ushahidi kwamba kipimo kinadanganya. Ukiwatupa wote wasiofikia lengo, nako unaharibu: wengi wao ndio wagonjwa zaidi, ndiyo maana wanatumia dawa hizo, watabaki wenye nafuu, na kipimo kitasifiwa kuliko kinavyostahili. Ndiyo sababu nilisisitiza muuguzi aandike "amemeza atenololi asubuhi". Huko ndiko kuuza?

Ukitaka bado faili litolewe, iandikie kamati sasa. Orodha inayounganisha namba za utafiti na za mafaili ikishafutwa, hata mimi sitajua lipi lake. Barua nitaipeleka mwenyewe, kwa kinyongo, lakini nitaipeleka. Na kadi zake za kliniki usizichome, mama anazihitaji kwa mirathi.