Mhusika wa Riwaya si Sampuli ya Jamii Yake

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma kwa makini makala mliyoichapa kuhusu nafasi ya riwaya katika masomo ya sayansi ya jamii, na ninaomba nafasi niijibu. Mwandishi wake anakubali kwamba fasihi ni kioo cha jamii, kauli ambayo kila aliyepita sekondari amewahi kuiandika kwenye karatasi ya mtihani. Kisha anahitimisha kwamba, kwa kuwa siku hizi tunazo tafiti zenye takwimu, kioo hicho kimebaki kuwa burudani tu, na anapendekeza riwaya ziondolewe katika orodha ya vitabu vya wanafunzi wa sosholojia. Hoja yake imepangwa vizuri, ila imesimama juu ya dhana nisiyoikubali: kwamba mhusika wa riwaya na mtu aliyehojiwa na mtafiti wote wawili ni sampuli za kundi walikotoka, na kwa hiyo palipo na sampuli kubwa, ile ndogo haina kazi tena.

Siandiki kuipunguzia heshima sayansi ya jamii. Mwaka 1959 mwanasosholojia wa Marekani, C. Wright Mills, alitoa mfano ambao hadi leo sijauona unaoushinda kwa uwazi. Katika mji wa watu 100,000, akikosa kazi mtu mmoja tu, tunaweza kuchunguza tabia yake, ujuzi wake na nafasi zilizo mbele yake. Lakini katika nchi yenye wafanyakazi milioni 50, wakikosa kazi milioni 15, kumkagua mmoja mmoja hakutusaidii, kwa sababu tatizo limo katika mpangilio wenyewe wa uchumi. Mtu anayekesha akijilaumu kwa kukosa kazi anastahili kulijua hilo, na hakuna riwaya inayoweza kumthibitishia. Hiyo ni kazi ya hesabu, nami naiheshimu sana.

Hata hivyo, hesabu ya kundi haimfikii mtu mmoja kwa njia iliyonyooka. Mwanasosholojia wa Marekani, William Robinson, alilionyesha hilo mwaka 1950 kwa kutumia sensa ya Marekani ya mwaka 1930. Alikuta kwamba majimbo yenye wakazi wengi waliozaliwa nje ya nchi yalielekea kuwa na watu wachache wasiojua kusoma na kuandika. Mwenye haraka angesema kwamba basi wahamiaji walikuwa wamesoma kuliko wenyeji. Robinson alipowatazama watu wenyewe badala ya majimbo, alikuta kinyume chake: mhamiaji ndiye aliyekuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutojua kusoma, isipokuwa wahamiaji walikuwa wameelekea kuishi katika majimbo ambayo wenyeji wake walikuwa wamesoma zaidi. Hesabu zote mbili zilikuwa sahihi. Anayekosea ni yule anayechukua sifa ya kundi na kumvisha mtu, na kosa hilo tunalisoma magazetini karibu kila utafiti mpya unapotangazwa.

Lakini mfano ambao ningependa mwandishi wenu aufikirie zaidi ni wa Oscar Lewis, mwanaanthropolojia wa Marekani, ambaye mwaka 1961 alichapisha kitabu juu ya familia moja ya Jiji la Mexico aliyoipa jina la Sánchez. Alirekodi kwa tepu masimulizi ya baba, Jesús, na ya watoto wake wanne, Manuel, Roberto, Consuelo na Marta, kisha akayapanga ili kila mmoja asimulie maisha yake kwa kauli yake mwenyewe. Kwa mpangilio huo, mambo yaleyale ya nyumbani yanarudi tena na tena, kila mara kwa sauti nyingine. Baba anayejiona ametimiza wajibu kwa sababu hakuacha kuleta chakula nyumbani, kwa watoto ni mtu mkali aliyewaumiza, na wala hakumuumiza kila mmoja kwa namna moja. Umaskini ulikuwa mmoja, chumba kilikuwa kimoja, baba alikuwa mmoja, na bado walitoka humo watu wanne ambao huwezi kumweka yeyote mahali pa mwenzake. Hapo sayansi ya jamii ilifanya kazi tuliyozoea kuidai kwa riwaya, na iliifanya vizuri.

Lewis huyohuyo ndiye aliyeeneza nadharia ya utamaduni wa umaskini, inayowaeleza maskini wa nchi mbalimbali kwa orodha ndefu ya sifa: kuishi kwa ajili ya leo bila kupanga kesho, kujiona duni, kutoshiriki katika taasisi za nchi. Orodha ndiyo iliyosafiri. Iliingia katika mijadala ya sera nchini Marekani, na wako walioitumia kudai kwamba maskini ndio wanaojiletea hali yao, ingawa Lewis mwenyewe alisisitiza kwamba utamaduni huo huzaliwa na hali za kiuchumi. Ninajiuliza Consuelo, aliyetamani kusoma na kuyaacha maisha yale, angeketi wapi katika orodha hiyo. Na toleo la Kihispania lilipowafikia wasomaji wa Mexico, mwaka 1965 chama cha jiografia na takwimu cha nchi hiyo kilifungua malalamiko rasmi kwamba kitabu kinaikashifu nchi. Waliokasirika huku na waliofurahia orodha kule walitofautiana katika kila kitu isipokuwa kimoja: pande zote mbili ziliigeuza familia moja kuwa taifa zima.

Fasihi nayo haijasalimika. Mwandishi aliyekwisha kuamua la kuthibitisha humuumba tajiri ambaye ni ulafi mtupu na kibarua ambaye ni wema mtupu, na riwaya ya namna hiyo, iliyojaa wahusika bapa, haitufundishi lolote ambalo hotuba isingetufundisha kwa kurasa chache zaidi. Tena sisi walimu wa fasihi tumeongeza uharibifu kwa kuwazoeza wanafunzi swali moja tu, mhusika huyu anamwakilisha nani, mpaka mtoto anamaliza kitabu kizima bila kukutana na mtu hata mmoja.

Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, angeweza kutuandikia hukumu nyepesi juu ya msichana aliyepotoka. Badala yake alituonyesha jinsi ukali wa Zakaria, baba asiyetaka bintiye awakaribie wavulana kabisa, ulivyomwacha Rosa bila uzoefu wowote alipofika mahali ambapo baba hayupo. Baada ya kifo cha Rosa, mwandishi aliwafikisha binti na baba mbele ya Mungu, wakabishana juu ya nani abebe lawama. Hapo tunaona malezi yakimsukuma mtu kwa nguvu zake zote, na tunamwona pia mtu aliyekuwa na uamuzi wake. Jedwali la takwimu linaweza kutuambia wasichana wangapi waliolelewa kwa ukali waliacha shule. Haliwezi kuwapa nafasi ya kumjibu baba. Kitabu hicho kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, na sijapata kuamini kwamba waliokizuia walikuwa wamefika kwenye kurasa za mwisho wakiwa na subira.

Kwa sababu hizo ninapinga pendekezo la kuziondoa riwaya katika orodha ya vitabu vya wanafunzi wa sosholojia. Zibaki, ila wanafunzi waulizwe ni wapi mhusika anaachana na watu wa kundi lake, ni nini katika jamii kilichomsukuma, na ni nini alichokifanya ambacho msukumo huo hautoshi kukieleza. Mtafiti aliyerudi na mahojiano yake aulizwe vivyo hivyo. Nanyi wahariri, mnapochapa matokeo ya utafiti, tunaomba mtueleze ni akina nani waliohojiwa, na kama matokeo yanahusu wastani wa kundi au watu mmoja mmoja. Na mnapochapa tahakiki ya riwaya, mumtake mhakiki atutajie angalau jambo moja ambalo mhusika alilifanya kinyume na alivyotazamiwa na watu wake.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwalimu wa Fasihi