Kwa Mdogo Wangu: Juni Tuipe Ruaha, Mbeya Isubiri Desemba

Mdogo wangu mpendwa,

Kamwene. Ujumbe wako kuhusu likizo ya watoto nimeusoma, nikamsomea na mama, na kwa kuwa swali lako huulizwa na ndugu wengi wenye asili ya huku wanaoishi Dar es Salaam, nimeona nikujibu hadharani ili nao wapate pa kuanzia. Umeeleza kwamba watoto walikuwa wakililia bustani kubwa za michezo za Dubai walizoziona kwenye simu, kwamba nauli ya familia nzima imekushinda, na kwamba badala yake unataka kuwaleta nyumbani, waingie Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha mzunguke Iringa na Mbeya yote ndani ya wiki moja. Wazo la kuwaleta nimelipokea kwa mikono miwili. Hilo la kuzunguka kote kwa wiki moja ndilo ninalokuomba ulifikirie upya kabla hujaomba ruhusa kazini.

Katika orodha yako umeandika Ruaha, Isimila, Kalenga, Kitulo, Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu, kimondo cha Mbozi na ufukwe wa Matema, na hakuna hata kimoja ambacho ningekushauri ukidharau. Tatizo ni barabara. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni takriban kilomita 500, kutoka Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300 nyingine, na Ruaha yenyewe iko kama kilomita 130 magharibi ya mji wa Iringa, kwenye njia ambayo ukiisha kuiingia huna budi kurudi mjini ndipo uendelee na safari ya Mbeya. Matema iko mbali zaidi, huko Kyela kwenye Ziwa Nyasa. Ukijumlisha yote hayo, watoto wataifahamu vizuri migongo ya viti vya gari kuliko kitu kingine chochote, na wifi atarudi Dar akiwa amechoka kuliko alivyoondoka.

Ninachokuomba ni hiki: likizo ya Juni iwe ya Ruaha na vile vilivyo jirani na Iringa, na Mbeya iachiwe likizo ya Desemba. Majira yenyewe yamepanga hivyo. Mwezi wa Juni mvua za huku zimekwisha, nyasi zimeanza kukauka, vidimbwi vya porini vinapungua, na wanyama wanaanza kusogea kwenye mito, hivyo hata dereva asiye mzoefu wa hifadhi ataona mengi. Desemba mvua zimeanza tena, maji yako kila mahali, na wanyama hutawanyika kwenye vichaka vilivyochipua. Kitulo ni kinyume chake. Uwanda ule ulio juu ya meta 2,600, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, huchanua maua kuanzia Desemba hadi Aprili, na ndiyo maana watu wa huko huuita Bustani ya Mungu. Ukiwapeleka watoto Juni watakuta nyasi na baridi kali, nao watashangaa hiyo bustani iko wapi.

Sasa tuizungumze Ruaha. Ni hifadhi yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 20,000, iliyopanuliwa kwa kuunganishwa na eneo la Usangu mwaka 2008, na hadi Hifadhi ya Nyerere ilipoanzishwa mwaka 2019 ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote nchini. Ukubwa huo una maana moja kwa mzazi: safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo ni kujitesa. Utaondoka Iringa alfajiri, utafika jua likiwa limepanda na wanyama wamekwenda kivulini, na itakubidi uanze kurudi wakati wao ndio wanatoka. Tafadhali pangeni kulala angalau usiku mbili. Mnaweza kulala katika nyumba za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, pale Msembe, makao makuu ya hifadhi, au nje ya hifadhi katika kijiji cha Tungamalenga, ambako kuna kambi na nyumba za wageni za bei nafuu. Mimi napendelea usiku mmoja Tungamalenga na mmoja ndani, kwa sababu fedha inayobaki kijijini ina faida yake: watu wa Idodi na Pawaga wanaishi na tembo wanaoingia mashambani mwao, na ndio waliotenga sehemu ya ardhi yao kuwa eneo la jumuiya la kuhifadhi wanyamapori liitwalo MBOMIPA.

Watoto waambieni mapema kwamba hifadhi haina ratiba. Kwenye bustani ya michezo unalipa, unapanga foleni, na bembea lazima izunguke. Ruaha mnaweza kuendesha gari saa nzima mkaona mibuyu na vumbi tu, kisha kwenye kona moja mkakuta kundi la tembo limeziba njia na dereva akalazimika kuzima injini. Ninalotamani walione ni tembo akitafuta maji katika mto wa mchanga wa Mwagusi kadiri kiangazi kinavyokolea. Anasimama mahali ambapo sisi tungeona mchanga mkavu tu, anauchota kwa mguu wa mbele na kwa mkonga hadi shimo lifikie unyevunyevu, anangoja maji yajikusanye chini, ndipo anaanza kunywa polepole huku mtoto wake akisukumasukuma ili naye apenyeze mkonga. Wakipata kulitazama hilo dakika kumi bila kuharakishwa, wataelewa kiangazi ni nini kuliko watakavyokielewa darasani. Waambieni pia watafute tandala, mkubwa na mdogo, kwa maana Ruaha ni mojawapo ya hifadhi chache ambako wote wawili wanaishi pamoja na korongo na palahala, ambao nao ni jamii ya swala, na mwenye bahati huwaona hata mbwa mwitu.

Kuna jambo moja kuhusu mto wenyewe ambalo ningependa uwaeleze wewe mwenyewe kwa lugha yao. Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima, lakini tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika ndani ya hifadhi kiangazi kinapofikia kilele, na sababu kubwa ni maji yanayochepushwa huko juu, katika bonde la Usangu, kwa ajili ya mashamba ya mpunga ya umwagiliaji. Mchele unaopikwa mezani kwenu Dar es Salaam na kusifiwa kuwa ni mchele wa Mbeya, sehemu yake inatoka bonde hilohilo. Maji yanayobaki, yakishapita hifadhini, huingia Mtera na baadaye Kidatu, ambako huzalisha umeme. Kwa hiyo wali wao, taa zao na kiboko watakayemwona kwenye bwawa lililobaki vinagawana mto mmoja. Sitaki uwape watoto somo refu la kuwaharibia likizo. Mkifika Ruaha Mbuyuni, pale wanapouza vitunguu kando ya barabara kuu, waonyeshe mto, uwaambie wataukuta tena kule porini. Maswali watayauliza wenyewe.

Kuhusu matembezi ya pembeni, nimekaa na kuitazama ramani, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukipanga hivyo kichwani ingawa nimeishi hapa miaka yote hii. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Ruaha anakutana na historia ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kwa mpangilio wa miaka yake. Kabla hamjafika mjini mtapita Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wahehe lilikivizia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, yule waliyembandika jina la Nyundo, likakishinda na kumuua yeye mwenyewe. Mnara upo kando ya njia, na dakika ishirini zinatosha. Mkiuacha mji na kushika barabara ya hifadhini, baada ya kilomita chache kuna mchepuko wa Kalenga, yaliyokuwa makao makuu ya Mkwawa, ambayo Wajerumani waliyapiga kwa mizinga na kuyateka tarehe 30 Oktoba 1894. Mkiendelea na barabara hiyohiyo mtafikia njia ya Mlambalasi, ambako baada ya miaka minne ya kuwindwa alijiua tarehe 19 Julai 1898 ili asitiwe mikononi mwao akiwa hai.

Hapo Kalenga msipite haraka. Ndani ya makumbusho ndogo lipo fuvu la kichwa linaloaminiwa kuwa la Mkwawa, lililopelekwa Ujerumani, likadaiwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na kurejeshwa mwaka 1954 na Gavana Edward Twining, aliyelikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Najua mtoto wenu wa mwisho anaogopa mifupa. Huyo atabaki nje nami, tutazame mahali ulipokuwa ukuta wa ngome na Mto Ruaha Mdogo. Wakubwa waingie, wamsikilize mhifadhi, kwa maana wanalibeba jina la ukoo la huku bila kujua babu zao walisimama wapi katika habari hizo.

Isimila haiko upande huo. Iko kama kilomita 20 kutoka mjini kwenye barabara ya Mbeya, kwa hiyo nimeiwekea siku ya mapumziko baada ya kurudi Ruaha. Ni korongo lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mmomonyoko, na katika banda lake wamehifadhi shoka za mawe ambazo wataalamu wanakadiria kuwa na umri wa zaidi ya miaka 200,000. Mtembee na kiongozi, mvae viatu vya kufunika, mfike mapema kabla jua halijawa kali. Mchana tutarudi mjini kuitazama Boma ya Wajerumani, ambayo sasa ni makumbusho, kisha tutakula Neema Crafts, karakana yenye mgahawa, ambako mafundi na wahudumu ni watu wenye ulemavu. Wanao watapenda kuona vitambaa vikifumwa. Jioni, anayetaka kupanda jiwe la Gangilonga kuuona mji wote atapanda.

Halafu kuna mama. Nilipomsomea ujumbe wako alinyamaza kidogo, akaniuliza kama gari lina nafasi. Amezaa, amelima na amelea watoto na wajukuu ndani ya mkoa huu, na Ruaha hajawahi kuingia. Kwake hifadhi ilikuwa mahali pa wazungu na pa hadithi za marehemu baba. Nakuomba umhesabu tangu mwanzo. Kukodi gari lenye paa la kufunguka hapa Iringa ni gharama, lakini kwa watu wengi kiasi hicho inagawanyika, na nusu yake nitaitoa mimi. Viti vya gari lenu dogo havitamfaa kwenye barabara ya vumbi, na ndani ya hifadhi mnahitaji gari lililoinuka.

Kwa upande wa viingilio usiogope. Raia tunalipa kwa shilingi, kiwango kilicho chini sana ya wanacholipa wageni kwa dola, na watoto walio chini ya miaka 5 hawalipi. Beba kitambulisho chako cha taifa na cha wifi, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali au kwa kadi, kwa hiyo usifike getini na bahasha ya noti ukitegemea itapokelewa.

Mizigo yenu iwe ya hali mbili za hewa. Iringa mwezi wa Juni ni masweta asubuhi na usiku, na wanaotoka Dar huwa hawaamini hadi meno yagongane. Ruaha, iliyo chini zaidi, mchana kuna joto na kuna mbu, kwa hiyo dawa ya kujipaka na mikono mirefu ya jioni visikosekane. Nguo za rangi nyeusi na za bluu iliyokolea ziacheni, maana mbung'o huzifuata. Darubini hata moja ya kuazima itawaondolea watoto ugomvi wa nani ameona na nani hajaona. Njiani, Mikumi mtapita ndani ya hifadhi bila kulipa, lakini mwendo umewekewa kikomo, na anayemgonga mnyama hutozwa. Mlima Kitonga muupande mchana, na ukikuta malori yamefuatana usijaribu kuyapita kwenye kona kwa sababu tu watoto wanalia njaa.

Desemba, Mungu akitujalia, tutakutana Mbeya kwa mjomba: Kitulo ya maua, Daraja la Mungu, lile la mwamba wa asili, na Kijungu, shimo la mwambani ambamo maji huporomokea, yote kwenye Mto Kiwira, kimondo cha Mbozi kwa kuwa yule wa pili anapenda mambo ya anga, na Matema kama siku zitaruhusu. Ngozi ningeiacha hadi wakue kidogo, kwa sababu njia ya kupanda msituni huteleza sana wakati wa mvua.

Kwa sasa ninahitaji vitu vitatu kutoka kwako: tarehe ambayo shule zao zinafungwa, idadi kamili ya watakaokuja akiwamo dada wa kazi kama mtamchukua, na jibu lako kuhusu gari la kukodi. Nyumba za Msembe huwahi kujaa wakati wa likizo za shule, na ningependa kuziwekea nafasi kabla ya mwisho wa mwezi huu. Mama anakusalimu, na anauliza kama wanao wanakula ugali wa ulezi au aanze kutafuta mchele.

Ni mimi dada yako,
Iringa