Barua kwa mwanangu aliye Senegal

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza sote, hadi jirani wa chini. Yaya yako, ndugu yako mkubwa, aliurudia pale unapoeleza mnavyokaa kwenye mkeka kuzunguka bakuli moja la wali na samaki, kila mtu anakula upande ulio mbele yake, na mama mwenye nyumba anakusogezea minofu na karoti kwa kuwa wewe ni mgeni. Hapo roho yangu ikatulia.

Ila umetueleza ya kwao tu. Tumejua chai ya attaya inavyomiminwa mara tatu, ya kwanza chungu, ya mwisho sukari tupu. Tumejua akina Ndiaye na akina Diop wanavyoitana walafi bila mtu kununa. Je, wao wamejua nini cha kwetu? Kila nikisikiliza ni "tunawafundisha" hiki, "tunawafundisha" kile. Ndiyo kazi uliyoendea, sikatai. Lakini hapa kwetu Kongo, Bukavu, tumeshawaona wageni wa namna hiyo: wanashuka garini, wanapiga watoto picha kabla ya kusalimu wazee, wanaondoka bila kuonja hata sombe, majani yetu ya muhogo.

Basi wapikie. Tafuta unga wa muhogo, usonge bugali, na ikikushinda wakucheke, ni haki yao. Wasimulie uvuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, taa juu ya maji usiku, wavuvi wakiimba huku wakipiga kasia. Uwaambie pia kwamba samaki huyo tunayejivunia aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Na yeye alikuja mgeni, leo nani anamwuliza kwao?

Halafu wale akina mama uliowataja, wenye tontine, mchango wa kupokezana pesa kwa zamu. Kaa nao uwaeleze likelemba, mchango kama huo wa kwetu, ya mama yako pale soko la Kadutu, kwamba aliyefiwa hupewa pesa kwanza hata kama zamu si yake. Nao uwaulize: mtu akishapokea zamu yake, kisha akaanza kujificha, wanamfanyaje? Swali hili ni la mama yako, na sababu yake hataki kuniambia. Anasema jibu lifike kabla ya mwisho wa mwezi, na usimtumie shangazi yako, mtumie yeye mwenyewe.

Papa yako