Watoto waambiwe uyoga sio mmea

Mhariri naomba nafasi kidogo, niko Tabora na huku mvua zikishika watoto wanashinda porini kuchuma uyoga ila ukiwauliza ni kitu gani wanakwambia mboga tu, mmea kama mchicha, na watu wazima wengi nao wanajibu hivyo hivyo. Jamani sio mmea! Hauna ukijani wa kujitengenezea chakula kwa jua, ni kuvu, kundi moja na hamira na ukungu wa mkate. Tunachochuma ni sehemu ya kutolea vijimbegu tu, mwili wenyewe uko chini, nyuzi nyembamba ajabu zimetapakaa kwenye udongo. Na hapo ndio patamu, nyuzi za uyoga mwingi wa huku zinashikana na mizizi ya miombo, zinaupa mti maji na madini, mti unazipa sukari, kwahiyo tukimaliza miombo kwa mkaa na kukaushia tumbaku uyoga huo nao basi. Wa kwenye vichuguu ni habari nyingine, huo mchwa wanaulima wenyewe humo ndani! Walimu wa sayansi tunaomba muwatoe watoto darasani wakafukue waone hizo nyuzi, ila kuonja hapana, kuna uyoga unaua na hata ukiuchemsha sumu haitoki.

Mzazi, Tabora