Jimbo la Bagamoyo lina historia yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Wiki iliyopita, sokoni tukichagua ngisi, kijana mmoja alinibishia kwamba Mheshimiwa Jakaya Kikwete hakuwahi kuwa mbunge wa Bagamoyo, bali wa Chalinze tu. Ukweli ni kwamba mwaka 1990 alichaguliwa katika Jimbo la Bagamoyo, na mwaka 1995 akagombea Chalinze, akaliwakilisha jimbo hilo hadi alipochaguliwa kuwa Rais mwaka 2005. Wilaya ni moja, majimbo ni mawili, na kwa maoni yangu mgawanyo huo ni wa haki, kwani shida za mvuvi wa Dunda si za mfugaji wa Lugoba, ambaye bahari huenda haioni mwaka mzima.

Ibara ya 75 ya Katiba inaitaka Tume ya Uchaguzi ichunguze mipaka ya majimbo angalau kila baada ya miaka 10, ikizingatia hali ya kijiografia na njia za mawasiliano. Basi ramani za majimbo, za zamani na za sasa, zibandikwe kwenye ofisi za kata. Niliyoingia majuzi ilikuwa na kalenda ya mwaka juzi tu ukutani.

Msomaji wako,
Bagamoyo